Neno "Empathy" na Shutuma juu ya Kiswahili

Yako madai yanayorudiwa mara kwa mara panapozungumzwa tafsiri, kwamba Kiswahili hakina neno moja liwezalo kusimama badala ya neno la Kiingereza "empathy", na kwamba upungufu huo ni dalili ya watu wasiozoea kujitia katika nafsi ya mwingine. Sehemu ya kwanza ya madai hayo ina ukweli wake. Sehemu ya pili ni upuuzi, nayo hukanushwa na historia ya neno lenyewe.

Neno hilo asili yake si Uingereza, wala halikuundwa kwa ajili ya majonzi ya mtu. Mwaka 1873 Mjerumani Robert Vischer, alipokuwa akieleza jinsi jicho linavyopokea umbo la kitu, alitumia neno Einfühlung, yaani kujihisi ndani ya kitu. Theodor Lipps wa Munich akalipanua: amtazamaye mwanasarakasi juu ya kamba hujiona kana kwamba naye yumo kambani; aitazamaye nguzo ya jengo huihisi ikijikaza chini ya mzigo wake. Nguzo ina msiba gani? Ndipo Edward Titchener, Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alipolifasiri katika kitabu chake cha mwaka 1909 kwa neno lililoundwa kutokana na Kigiriki. Nao Wagiriki wa leo, walisikiapo neno lao empatheia, hufahamu chuki na kinyongo!

Basi na waulizwe wenye shutuma: kabla ya karne ya 20 Waingereza walikuwa hawana moyo? Adam Smith, Mskoti, alieleza mwaka 1759 namna mtu anavyojiweka kwa mawazo mahali pa nduguye anayeteswa. Alitumia neno "sympathy" tu, likamtosha.

Kiswahili kimelitia jambo hili katika sarufi. Mtu aliyeondokewa na mzazi husemwa "amefiwa". Kifo ni cha marehemu, lakini kitenzi kimemwelekea aliyebaki. Na "pole" hupewa aliyejikwaa, mgonjwa na hata mchovu wa safari, pasipo msemaji kudhaniwa kuwa amekiri kosa lo lote. Lakini wahenga hawakujidanganya kwamba kuingia katika nafsi ya mwingine ni kazi nyepesi. Walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyefiwa huendewa, watu wakaketi naye matanga, wakapika, wakateka maji. Hapana alazimishwaye kudai kwamba uchungu wa mwenye msiba umekwisha kuwa wake.

Lililobaki ni kosa la wafasiri walioridhika na "huruma". Huruma ni neno jema, ila yaweza kushuka kutoka juu: tajiri humhurumia maskini na asijue hata siku moja jinsi maskini alalavyo. Likitiwa neno hilo peke yake katika kitabu cha wauguzi, muuguzi atajifunza kumsikitikia mgonjwa pale alipotakiwa amsikilize. Hapo mwenye kosa si lugha, ni mfasiri mvivu atakaye neno moja kwa neno moja. "Kujitia katika hali ya mwenziwe" ni maneno matano, nayo huyaelewa hata mgonjwa mwenyewe.