Furaha ya Soko na Sahani ya Wali



Wako watu wanaodhani kwamba maneno ya chakula na soko hayastahili ukurasa wa gazeti la Kikristo. Kwao mambo ya roho hukaa kanisani, na mambo ya tumbo hukaa jikoni. Lakini Injili haitufundishi hivyo. Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza karamuni, huko Kana. Na alipokwisha kufufuka aliwangojea wanafunzi wake ufukoni, samaki wakiwa juu ya makaa. Yeye aliyeshinda mauti hakuona haya kuwaandalia wavuvi chakula cha asubuhi. Basi na sisi tusione haya kunena leo juu ya soko na sahani za kwetu Maniema.

Tazameni chakula cha Jumapili katika nyumba ya Kasongo au ya Kabambare: wali mweupe, sombe iliyotwangwa na kupikwa kwa mawese na karanga, samaki wa Lualaba, na pilipili kando. Mtoto hula akashiba, wala haulizi vitu hivyo vimetoka wapi. Mzazi na amfundishe. Mawese ni zawadi ya nchi yetu tangu kale. Muhogo na karanga asili yake ni Amerika ya Kusini. Vilivushwa bahari na merikebu za Wareno, vikapita mkono kwa mkono hata vikafika kwetu. Mchele ulitoka mashariki pamoja na Waarabu na Waungwana, kwa njia ya misafara iliyovuka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Kwa njia iyo hiyo ilikuja lugha hii tunayoiandika.

Na kwa njia iyo hiyo ilipita minyororo. Jambo hilo tusiwafiche watoto wetu. Daktari Hinde, aliyekuwa pamoja na jeshi la Dhanis lililouteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893, aliandika kwamba alipita saa moja na nusu juu ya mnyama wake katika shamba moja tu la mpunga. Mashamba ya namna hiyo yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Tena, tangu mwaka 1917, serikali ya Wabelgiji ilitia sheria ya kilimo cha lazima, na katika Maniema mpunga na pamba vikawa mazao ya amri. Hivyo mchele ulikuwa jasho la mnyonge mara mbili. Ni nani basi aliyeugeuza ukawa chakula cha arusi, cha ubatizo na cha Noeli? Si mabwana wa misafara, wala si mabwana wa serikali. Ni mama zetu, kwa chungu, kwa mwiko na kwa moyo mkunjufu.

Akina mama wa namna hiyo tunawaona katika habari za Daktari Livingstone. Baada ya kuugua muda mrefu Kabambare, alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, akapenda sana kwenda sokoni kutazama watu. Aliona samaki, kuku, chumvi, pilipili, mawese na nguo zilizofumwa kwa nyuzi za majani. Aliwaona wafinyanzi wakivigonga vyungu vyao pande zote, vilie, ili mnunuzi asikie kwamba havina ufa. Alisikia mabishano ya bei, mizaha na vicheko. Akaandika pia kwamba hata vijiji vilipopigana, wanawake wa soko walipita salama. Hayo ndiyo maarifa ya wazee wetu: vita vina mwisho wake mlangoni pa soko.

Lakini tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanya biashara wa pwani, waliivunja desturi hiyo. Waliwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua. Akina mama walijitupa mtoni, na wengi wakazama. Waliokufa walikisiwa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliwachoma watu mioyo, na ilisaidia kuleta mkataba wa mwaka 1873, ambao kwao Seyyid Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja.

Tumelitaja jambo hilo la huzuni katikati ya maneno ya furaha kwa sababu moja. Kicheko cha sokoni si kitu cha bure. Pasipo amani mwanamke hathubutu kubeba kikapu chake njiani, mvuvi hatoki, chungu hakifinyangwi, na sahani ya Jumapili hubaki tupu. Sisi wa Maniema tuliyaona hayo tena katika vita vilivyoanza mwezi wa Agosti 1998, njia zilipokatwa na wakulima wengi wakakimbilia msituni. Soko ni kama kile chungu cha Nyangwe: ukitaka kujua kama nchi ni nzima, ligonge usikie mlio wake.

Basi kila mtu na alilinde kwa sehemu yake. Mwenye kuuza asipunguze kipimo. Kopo lililobonyezwa chini ni wizi, hata kama hakuna askari aliyeliona. Mwenye bunduki asitwae kuku wa mjane na kuuita mchango. Mume asingoje mezani tu, bali ampokee mkewe mzigo njiani. Nanyi vijana wa shule, msiidharau sombe ya nyumbani kwa kuwa mmejifunza majina ya vyakula vya mbali.

Jumapili hii, baada ya Misa, kabla ya kutia mkono katika sahani, semeni sala ya chakula bila haraka. Mkumbukeni aliyelima, aliyevua, aliyefinyanga na aliyepika. Mwombeeni na mama wa Nyangwe ambaye hakurudi nyumbani na kikapu chake. Kisha kuleni kwa furaha, na mgeni akipiga hodi, mpisheni nafasi.