Samaki Wetu Wako Sebuleni Ulaya, Sisi Tunatesa Goldifishi Kwa Bakuli

Wacha niseme hii kitu hata kama kuna watu watanuna. Lile bakuli la kioo lenye goldifishi mmoja, mawe ya buluu na ua la plastiki, ambalo sai kila mtu kutoka Burumba mpaka Marachi anataka kupiga nalo picha, si akwaria. Ni jela. Na aliyefungwa humo ni mgeni, wakati wenyeji wa maji yetu hakuna anayewajua hata kwa jina.

Goldifishi asili yake ni China. Akitunzwa vizuri anapita sentimita 20 na anaishi zaidi ya miaka 10. Anakula sana na anachafua sana. Ukimweka kwa lita tatu za maji, amonia inayotoka kwa matamvua yake inapanda siku kwa siku, na baada ya wiki mbili unampata anaelea tumbo juu. Halafu mnasema ati samaki ni wagumu kufuga, na mnarudi kununua mwingine. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, aliniambia na uso mkavu nikuwe nabadilisha maji yote kila Jumamosi na kusugua mawe na sabuni ya unga. Buda, huo si ushauri, hiyo ni njia ya kuhakikisha nimerudi dukani. Kwa mawe ndio wanaishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo mimea inaitumia kama mbolea. Ukiwasugua unaanza sufuri, na samaki anaanza kuungua upya.

Sasa kinachoniuma. Kutoka Matayos ukishuka Sio Port ni safari fupi tu. Hapo mbele yako kuna ziwa ambalo lilikuwa na aina zaidi ya 500 za samaki wadogo, furu. Wajaluo wanawaita fulu, Waganda wanawaita nkejje. Wa mwekundu, wa buluu, wa njano mwenye mistari meusi. Wengine kazi yao ni kuvunja konokono, wengine kukwangua mwani kwa mawe, wengine kula magamba ya wenzao. Halafu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 serikali ya kikoloni na watu wake wakamwaga mbuta ziwani ili kuwe na samaki mkubwa wa kuvua. Miaka ya 1980 mbuta wakalipuka, na wanasayansi wanakadiria aina karibu 200 za furu zimepotea. Mbuta hakuwa peke yake kwa hiyo kesi. Maji yenyewe yalichafuka. Mwaka 1997 watafiti walichapisha kwa jarida la Science kwamba furu wa kike wanachagua wachumba kwa rangi, na maji yakiwa na tope hawaoni rangi, kwa hiyo aina zinachanganyika mpaka zinakuwa moja. Hebu fikiria. Samaki anapotea kwa sababu hakuonekana.

Na wako wapi wale waliobaki? Baadhi wako Ulaya na Marekani, kwa matangi ya watu binafsi na ya bustani za wanyama, wanazalishwa kwa hesabu kabisa. Kuna mmoja anaitwa Pundamilia nyererei. Soma hilo jina tena. Jenasi nzima ina jina la Kiswahili, na mwaka 1985 huyu akapewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Ni wa upande wa Mwanza. Mwaka 2014 jenomu yake ilichapishwa. Kijana wa Ujerumani anamfuga chumbani, anajua anakula nini na anataga vipi, ati mama anabeba mayai mdomoni. Wewe hapa Busia ukiulizwa samaki wa ziwa unataja mbuta, ngege na omena, basi. Tena unawataja ukiwa na njaa.

Najua jibu lenu. "Samaki ni ya kula, hayo mengine ni mambo ya wazungu." Hii ndio hoja ya uvivu kuliko zote. Kufuga samaki kwa kioo hapa kwetu ni rahisi kuliko kwa huyo Mjerumani. Yeye analipa stima ya hita ndio maji yafike joto ambalo chumba chako kiko nalo bure. Analipa mchanga, analipa udongo wa kupakiwa kwa mifuko. Sisi tunaukanyaga. Huko Marekani kuna mama anaitwa Diana Walstad, aliandika kitabu mwaka 1999 kuhusu akwaria ya mimea. Siri yake kubwa ni gani? Udongo wa kawaida chini, mchanga juu, mimea mingi, samaki wachache. Nyanyako akisikia hiyo ni teknolojia atacheka mpaka akae chini.

Mwambie fundi wa madirisha akukatie kioo cha milimita 5, tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hiyo ni lita 54, yaani kilo 54 za maji bila kuhesabu mchanga, kwa hiyo usiweke juu ya meza ya TV inayoyumba. Aunganishe na silikoni tupu, isiyo na dawa ya kuvu, na uiache ikauke mpaka ile harufu ya siki iishe. Udongo wa shamba ambao haujawekwa mbolea wala dawa, vidole viwili. Juu yake mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yakawa safi. Maji ya mfereji yaache kwa ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Maji ya mvua pekee ni laini mno, uduvi atakosa madini ya kujenga gamba, kwa hiyo changanya na ya kisima. Kisha mimea, mingi, siku ya kwanza. Na hapo sasa unangoja wiki tatu mpaka sita bila samaki hata mmoja.

Hapo ndio mnashindwa. Na hapo ndio nina kesi na wenzangu wa kutengeneza video. Asubuhi tangi tupu, mchana mimea, jioni samaki kumi wanaogelea na muziki wa polepole. Wiki mbili baadaye hakuna video ya pili, na hakuna anayeuliza mbona. Mnauza uongo kwa watoto wa shule wanaokusanya pesa ya nauli ili wanunue hicho kitu.

Stima je? Hii nyingine. "KPLC ikizima wataisha wote." Wataisha kama tangi lako linategemea filta na umejaza samaki ishirini. Tangi la mimea yenye samaki sita na uduvi linalala giza usiku wote na asubuhi liko sawa, kwa sababu bakteria wako kwa mchanga na kwa majani, hawajafungiwa ndani ya boksi la pampu. Shida ni usiku tu, mimea nayo inapumua oksijeni, ndio maana nasema wachache. Kwa nini hii haisemwi dukani? Kwa sababu filta ina faida kuliko udongo.

Mama naye atauliza mbu, na ana haki, hapa malaria ni ya nyumbani. Mwonyeshe samaki wakila viluwiluwi. Lakini na wewe umwombe kitu kimoja: asipulizie dawa ya wadudu kwa hicho chumba. Uduvi ni ndugu ya mdudu. Kinachoua mbu kinamuua yeye kwanza. Shaba pia inamuua, na dawa nyingi za samaki ziko nayo.

Uduvi gani? Wa kwetu. Caridina nilotica, yule Wajaluo wanamwita ochong'a. Furu walipopungua, huyu aliongezeka ziwani akawa chakula cha mbuta wachanga. Anaingia kwa nyavu za omena, anaanikwa, anachanganywa kwa chakula cha kuku. Hana rangi za kuringa kama wale wekundu wa Nairobi, anapenyeza mwanga tu. Lakini weka taa upande uone moyo ukipiga, uone mama amebeba mayai chini ya tumbo akiyapepea na miguu. Anakula mwani na majani yaliyooza siku nzima, hachoki. Kuku wako wanakula kitu ambacho kingekaa kwa meza yako kama saa ya ukutani, bora.

Usimweke na furu, atakuwa chakula cha jioni. Weka samaki wadogo wa mito, jamii ya Enteromius, wanaofika kidole. Watakula watoto wa uduvi kiasi, mimea ikiwa minene wengine wataishi. Na kabla ya kukimbia mtoni: usivue na chandarua, imekatazwa. Usisimame majini bila gambuti, konokono wa huko wanabeba kichocho. Mmea wowote uoshe na utoe kila konokono na kila utando wa mayai kabla haujaingia nyumbani. Ongea na afisa wa uvuvi, ongea na mvuvi wa omena, mlipe. Na tafadhali usivukishe samaki hai njia za panya ukiwa umemfunga kwa zile karatasi za nailoni zilizopigwa marufuku 2017. Mambo ya mpaka tunayajua, lakini hii si sukari.

Kwa sababu kosa ambalo siwezi kusamehe ni hili: mtu anachoka na tangi, anabeba ndoo, anaenda kumwaga kila kitu Mto Sio. Anaona ametenda wema, amewapa uhuru. Gugumaji lilipelekwa dunia nzima kwa sababu ya ua lake zuri, na tangu mwisho wa miaka ya 1980 mnaona lilichofanya ziwani. Kamba mwekundu wa Marekani aliwekwa Naivasha mwaka 1970, akamaliza mimea ya chini ya maji. Mwaka 2020 konokono-tufaha, ambaye biashara ya akwaria imemsafirisha nchi nyingi, alithibitishwa Mwea kwa mashamba ya mpunga, na wakulima ndio wanalipa. Mto Sio unaingia Ziwa Victoria. Ndoo yako ya goldifishi na gapi na magonjwa yao inaenda kukutana na furu wachache waliobaki.

Ukichoka, mpe jirani. Peleka shule, mwalimu wa sayansi atashukuru. Uza kwa hasara. Mimea ianike juani mpaka ikauke kabisa, mchanga pia, maji mwagia sukuma, itapenda. Na ukikosa kabisa mtu wa kuchukua samaki, nitumie ujumbe, nitakuja na ndoo yangu.