Saa ya mkononi si pambo: maneno machache kabla bumu halijayeyuka

Najua nimekuwa kimya, ila wiki hii ilikuwa ya testi mbili pamoja na kazi ya kikundi ambayo, kama kawaida, kikundi chenyewe kilikuwa mimi na mwenzangu mmoja. Sasa nimepumua, turudi kijiweni.

Mada ya leo ni saa za mkononi. Nasemea zile za dijitali zenye mazagazaga: stopwochi, kengele, dira, kipima joto, na maandishi ya mita mia mbili kwenye kioo. Bumu likishaingia tu, hosteli nzima inajaa wataalamu wa saa. Juzi ubishi ulivuka saa sita usiku, na hoja iliyoonekana kushinda ilikuwa kwamba saa bora ni ile yenye vitu vingi. Mimi siafiki hata kidogo. Kwa mtu wa mbio, milima na maji, saa inachaguliwa kwa mambo manne: inavyostahimili maji, stopwochi yake, betri yake, na kama unaweza kuisoma huku unahema. Mengine ni nyongeza. Na kwa sisi tunaosomea ualimu, jambo hili lina uzito kuliko kuuza sura.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Saa ikiandikwa mita 30, haina maana kwamba unaweza kushuka nayo mita 30 baharini. Namba hiyo inatokana na mgandamizo wa maabara, saa ikiwa imetulia. Kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo wa karibu bar moja, kwa hiyo mita 30 ni bar 3. Wewe unapojirusha bwawani, unapopiga maji kwa mkono, hali haifanani na ya saa iliyotulia kwenye chombo. Ndiyo maana maelezo ya watengenezaji huwa hivi: mita 30 ni ya kunawa na mvua. Mita 50 ni ya kuogelea kwa upole. Mita 100 ni ya kuogelea kweli na kutazama samaki kwa mrija. Mita 200 ni ya michezo ya maji yenye purukushani. Kama unazamia na mtungi wa hewa, tafuta saa ya wapiga mbizi yenye kiwango cha ISO 6425, ambacho kinaanzia mita 100 na kinataka kila saa ipimwe kwa mgandamizo unaozidi ule ulioandikwa kwa asilimia 25, na isomeke gizani.

Chukua Casio F-91W, ile nyembamba nyeusi ambayo kila ukoo una mtu aliyewahi kuivaa. Ilitoka mwaka 1989, ina gramu 21 tu, na betri yake inakaa kama miaka 7. Naipenda na naiheshimu. Lakini ni saa ya bar 3, haikutengenezwa kwa ajili ya bwawa. Stopwochi yake inaishia chini kidogo ya saa moja, halafu haina kipimamuda cha kurudi nyuma. Kwa chumba cha mtihani ni kiboko. Kwa mtu anayekimbia kilomita 21 au anayeogelea kila Jumamosi, haitoshi.

Kuna jambo jingine watu hawalisemi. Uwezo wa kuzuia maji si wa milele. Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna raba nyembamba ya mduara, na raba huzeeka. Chumvi na joto vinaiharakisha. Ukitoka baharini, suuza saa kwa maji baridi ya bomba. Usioge nayo maji ya moto. Usibonyeze vitufe ukiwa ndani ya maji, isipokuwa kama kitabu chake kimeruhusu, maana kitufe nacho ni tundu. Na ukimpelekea fundi wa mtaani abadilishe betri, raba ikirudishwa imekaa upande, ile mita 100 imebaki kuwa maandishi tu. Mafundi wetu wengi wana mikono mizuri sana, ila mashine ya kupima mgandamizo hawana. Hii ndiyo sababu yangu ya kupenda saa yenye betri ya miaka 10 au inayotumia mwanga wa jua. Kadiri inavyofunguliwa mara chache, ndivyo inavyobaki salama. Na kama kuna kitu nchi hii haijapungukiwa, ni jua.

Halafu kuna feki. Mwaka 1983 Casio walitoa G-Shock ya kwanza, kazi ya mhandisi Kikuo Ibe, ambaye lengo lake lilikuwa saa inayohimili kuanguka kutoka mita 10, inayostahimili maji ya bar 10, na yenye betri ya miaka 10. Jamaa na timu yake walijaribu sana, wakavunja saa nyingi mno kabla ya kupata njia ya kuuning'iniza moyo wa saa ndani ya gamba lake. Sasa leo mtu anakuuzia "G-Shock" kwa bei ya chipsi kuku na soda, anakuapia ni orijino ya meli. Jamani. Kuchapa maneno 200M kwenye plastiki hakugharimu kitu. Kama pesa ni ndogo, afadhali saa halisi ya mita 100 isiyo na jina kubwa kuliko feki yenye jina. Casio wenyewe wana AE-1200: mita 100, betri ya miaka 10, stopwochi ya saa 24, kipimamuda, kengele tano. Haipendezi sana machoni lakini kazi inafanya.

Sasa stopwochi, na hapa naomba walimu watarajiwa mkae karibu. Wengi wetu tutapangiwa shule ambazo hazina stopwochi hata moja. Siku ya mchujo wa UMISSETA au UMITASHUMTA, muda wa mtoto utatoka mkononi mwako. Mtoto anaweza kuachwa au kuchukuliwa kwa tofauti ya kufumba na kufumbua. Hapo utakuta mwalimu anatangaza kwa majivuno sekunde 12.37, eti kwa sababu saa yake inaonyesha sehemu ya mia. Saa inaonyesha, ndiyo, lakini kidole chako hakina uwezo huo. Kanuni za riadha za kimataifa zinajua hilo: muda wa mkono katika mbio za uwanjani unapandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata. 12.37 inakuwa 12.4. Hata rekodi ya dunia ya Filbert Bayi ya mita 1500, pale Christchurch mwaka 1974, iliandikwa 3:32.2. Sehemu ya kumi, basi.

Kanuni hizo hizo zinataka wapima muda watatu kwa mshindi. Wawili wakilingana, muda wao ndio unachukuliwa. Wakitofautiana wote, unachukuliwa wa katikati. Wakiwa wawili tu, unachukuliwa ule mrefu. Maana yake nini kwa sisi wenye mifuko myepesi? Saa tatu za bei ya kawaida mikononi mwa watu watatu makini zinaishinda saa moja ya bei mbaya mkononi mwa mwalimu mkuu. Na jambo la kuanzia: usibonyeze kwa kusikia mlio. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mwisho wa mita 100 inakufikia imechelewa karibu sekunde 0.3. Tazama moshi wa bastola, au kama hakuna bastola, tazama mkono wa mwanzishaji unaposhuka. Ukisubiri kusikia, umewapunguzia watoto wako muda wa bure, na wakifika wilayani wataumbuka.

Tuje kwenye vile vitu vinavyopandisha bei: dira, kipima mwinuko, kipima joto. Sivitukani. Anayepanda Uluguru mara kwa mara au anayetaka kuongoza wageni Kilimanjaro anavihitaji. Ila ujue vinavyofanya kazi. Saa nyingi hupima mwinuko kwa kupima mgandamizo wa hewa. Karibu na usawa wa bahari, hewa inapungua hektopaskali 1 kwa kila mita 8 hivi unazopanda. Sasa hali ya hewa ikibadilika usiku, ikashuka hektopaskali 4, saa itakwambia umepanda mita 30 na ushee wakati umelala kwenye hema. Dawa yake ni kuirekebisha kila ukifika penye kibao cha mwinuko. Kipima joto nacho, ukiwa umeivaa, kinapima joto la mkono wako. Ivue, isubiri kama nusu saa, ndipo uiamini. Dira ukiiweka karibu na simu au nondo, inakudanganya.

Na kuna kitu kimoja ambacho ukiwa hapa Bongo unakilipia bure kabisa: saa inayojirekebisha kwa mawimbi ya redio. Zile za Casio hupokea mawimbi hayo kutoka Japani, China, Marekani, Uingereza na Ujerumani. Sisi huku hatufikiwi. Kwa hiyo itakuwa saa ya kwatzi kama nyingine, inayokosea sekunde 15 kwa mwezi hivi. Hilo si tatizo, weka sawa kwa simu mara moja kwa mwezi. Ukiulizwa mji, tafuta wenye +3, kama Nairobi au Jeddah, halafu hakikisha ile DST imezimwa. Usipoizima, utafika kwenye paper saa moja kabla. Si vibaya sana, lakini utajiuliza wenzako wako wapi.

Cha mwisho ni maji kujaa na kupwa. Kuna saa zinazochora mchoro wa bahari na umbo la mwezi, na wengi hapa hucheka wakisema ni urembo. Kwa pwani yetu, mimi nasema ni nyongeza pekee yenye maana. Hapa Dar wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Hiyo ni zaidi ya kimo cha mtu na nusu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua yanapwa asubuhi kuelekea saa nne au saa tano, watu wanatembea mbali mpaka kwenye miamba, halafu yanarudi, na alasiri yamejaa. Mwalimu aliyewapeleka wanafunzi 40 kwenye fungu la mchanga halafu akasahau, hatapewa muda wa kujieleza.

Lakini angalizo: mchoro huo ni makadirio, na saa ni lazima iwekewe muda wa pwani uliyopo, la sivyo itakuonyesha bahari ya nchi nyingine. Wavuvi na akina mama wanaookota chaza wanayajua haya bila saa yoyote. Kwa hiyo hata ukiwa na saa ya gharama, muulize mzee wa pwani kwanza. Saa isiyo na mchoro inatosha pia: uliza maji yanaanza kurudi saa ngapi, weka kipimamuda kilie nusu saa kabla, kikilia piga filimbi, wote nje. Hapo saa ya bei ndogo imelinda watoto 40.

Najua kuna atakayesema, simu janja na saa janja zinafanya yote haya. Kweli, zinafanya, na zile zenye GPS zinakupimia hata umbali uliokimbia. Tatizo ni chaji. Umepangiwa kijiji ambacho umeme unakuja ukipenda, saa yako imezima saa nne asubuhi, mbio zinaanza saa tano. Halafu simu hutaingia nayo majini na watoto.

Basi kwa ufupi, mdau. Kama ni kukimbia na darasani tu, nunua nyepesi yenye stopwochi ndefu. Kama unaogelea, usishuke chini ya mita 100. Kama ni purukushani za mawimbi, mita 200. Kama ni milima, ongeza dira na kipima mwinuko na ujifunze kuvirekebisha. Kabla ya kulipa, bonyeza vitufe kwa mkono uliolowa, washa taa yake ukiwa umeifunika kwa kiganja, na anzisha stopwochi bila kuitazama. Ikikusumbua dukani, uwanjani itakusumbua mara mbili.

Hayo ni yangu. Wale wa ubishi wa juzi, najua mtasoma, na mlango wa chumba chetu mnaujua. Njooni na saa zenu, ila mje na vitabu vyake pia.

Naomba kuwasilisha. Tuko pamoja.