Tulimshangilia Okutoyi Wimbledon, kisha tukafunga geti

Kila Julai ikifika, simu za mtaani hujaa Wimbledon. Tusidanganyane, wengi wetu hatuifuati kwa sababu ya nguo nyeupe, nyasi zilizokatwa hadi milimita nane, ama stroberi na krimu. Tunaifuata kwa sababu EPL imefungwa na mkeka lazima uwekwe. Utampata msee kwa kibanda cha smokie akikuhakikishia ni nani atachukua seti ya kwanza kati ya wachezaji wawili ambao hajawahi kuona sura zao.

Lakini kuna mechi moja ya Wimbledon ambayo kila kijana Mkenya anafaa kuijua, hata kama haikuwa kwa mkeka wa mtu yeyote. Ni fainali ya wasichana chipukizi ya Julai 2022, wachezaji wawili kwa wawili. Upande mmoja alikuwa Angella Okutoyi wetu na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili, Kayla Cross na Victoria Mboko wa Canada. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, halafu gemu ya kuamua ikaisha 11-9. Pointi mbili tu ndizo zilizotenganisha mabingwa na walioshindwa. Siku hiyo Kenya ikapata taji lake la kwanza kabisa la Grand Slam.

Sasa shika hilo jina la Mboko.

Agosti 2025, Victoria Mboko alishinda Canadian Open mjini Montreal, moja ya mashindano makubwa zaidi baada ya Grand Slam zenyewe. Alikuwa na miaka 18. Njiani aliwatoa mabingwa wanne wa Grand Slam: Sofia Kenin, Coco Gauff, Elena Rybakina, kisha Naomi Osaka kwenye fainali. Alilipwa zaidi ya dola 750,000, yaani zaidi ya Sh95 milioni. Alianza mwaka huo akiwa nje ya 300 bora duniani, akaumaliza akiwa ndani ya 20 bora.

Na Okutoyi? Mwaka uliofuata Wimbledon alienda zake Auburn University, kule Alabama, Marekani, kusoma huku akichezea timu ya chuo. Machi 2024 alitoka huko akaenda Accra na kutwaa dhahabu ya All-Africa Games. Kwenye nusu fainali alimwangusha Mayar Sherif wa Misri, mchezaji wa 100 bora duniani. Dhahabu hiyo ilifaa kumfungulia mlango wa Olimpiki ya Paris. Lakini kulikuwa na sharti: bingwa wa Afrika lazima awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwa. Mlango ukafungwa, na Paris tukaenda bila mchezaji hata mmoja wa tenisi.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Mtu anayeweza kumpiga mchezaji wa 100 bora, anakosaje kuwa ndani ya 400?

Jibu si kipaji. Jibu ni jinsi pointi zinavyotafutwa. Kwenye tenisi hupandi ngazi kwa kushinda mechi moja kubwa halafu dunia ikutambue. Unapanda kwa kusafiri wiki baada ya wiki, ukiokota pointi kidogo kidogo kwenye mashindano ya chini kabisa ya shirikisho la dunia, ITF. Leo uko Monastir, Tunisia. Wiki ijayo Sharm el-Sheikh, Misri. Baadaye Antalya, Uturuki. Mashindano ya ngazi ya chini huwa na zawadi ya dola 15,000, na hizo si za mshindi peke yake, ni za wachezaji wote wakigawana. Uking'olewa raundi ya kwanza, unachopewa hakifikishi hata nauli ya kurudi nyumbani. Na bado hujalipa hoteli, chakula, kocha, viatu, na nyuzi za raketi zinazokatika kila mara.

Halafu kuna pasipoti. Mchezaji wa Canada akisikia leo kuna nafasi kwenye shindano la Ufaransa au Uhispania, anapanda ndege. Wa Kenya anaanza kutafuta miadi ya viza, stetimenti za benki, barua ya mwaliko. Viza ikitoka, shindano limeshaisha na wenzake wameshagawana pointi. Sheria za tenisi ni zile zile kwa wote, lakini njia ya kufika uwanjani si moja.

Kuna atakayeniambia: bana, Mboko alikuwa na miaka 15 siku ile ya fainali, Okutoyi alikuwa na 18, huwezi kuwalinganisha. Ni kweli. Sisemi Okutoyi angeshinda Montreal. Hakuna anayejua, na hiyo ndiyo sehemu inayouma. Mboko alipata nafasi ya kujua. Hata kule Montreal aliingia kwa tiketi ya mwaliko, nafasi ambayo waandaaji huwapa wachezaji wanaowataka, na mara nyingi ni wa nyumbani. Alikuwa na shindano kubwa kwao, kituo cha kitaifa cha mazoezi kiko mji huo huo, na shirikisho lenye uwezo nyuma yake. Alicheza vizuri sana, lakini kwanza mtu alimfungulia geti.

Na kabla mtu hajasema labda hawa wa Canada wana damu tofauti, wazazi wa Mboko walitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hapo tu jirani. Mtoto wa Wakongomani alizaliwa North Carolina na kulelewa Toronto, na sasa yuko juu. Yannick Noah naye alikulia Yaoundé, Cameroon. Arthur Ashe alimwona akicheza huko mwaka 1971, akapelekwa Ufaransa, na mwaka 1983 akashinda French Open kwa bendera ya Ufaransa. Damu ya huku inashinda kila siku. Inachohitaji, inaonekana, ni anwani ya kwingine.

Kuna wale watasema tenisi ni mchezo wa matajiri, tuachie wenyewe, sisi tuna riadha. Naelewa wanakotoka. Viwanja vingi vizuri vya tenisi Nairobi viko ndani ya klabu zilizoanzishwa na wakoloni, na hadi leo langoni utaulizwa wewe ni mwanachama ama mgeni wa nani. Lakini Okutoyi hakutoka kwa familia yenye klabu. Mama yake alifariki wakati wa kujifungua yeye na pacha wake, na nyanya yao ndiye aliyewalea. Msichana huyo ndiye aliyeinua kombe Wimbledon. Tukisema tenisi ni ya matajiri, tunamwambia yeye na wengine kama yeye kwamba walikosea njia.

Tena hatuko maskini wa pesa za michezo vile tunavyojifanya. Rudi kwa ule mkeka. Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Kijamii ilianzishwa mwaka 2018, na kodi za kamari ndizo chanzo chake kikubwa. Yaani yule msee wa kibanda cha smokie, anayepoteza soo mbili kwa seti ya kwanza ya Wimbledon, anachangia michezo ya Kenya kila wiki. Huenda amechangia tenisi kuliko wengi wanaopiga picha na washindi. Ana haki ya kuuliza pesa yake ilimfikisha nani Monastir.

Uwezo upo. Wakati wa CHAN mwaka 2025, kila mchezaji wa Harambee Stars aliahidiwa Sh1 milioni kwa kila mechi watakayoshinda. Safi sana, vijana walistahili. Lakini angalia mtindo: pesa huja baada ya ushindi. Kwenye soka la timu ya taifa hiyo inaweza kusaidia, kwa sababu nauli na hoteli zimeshalipwa na mtu mwingine. Kwenye tenisi, mchezaji ni timu ya mtu mmoja. Ukimwambia ashinde kwanza ndipo umsaidie, umemwambia apike ugali kwanza ndipo umpe unga.

Wengine watauliza, mbona tupeleke pesa kwa raketi wakati hospitali hazina dawa na vijana hawana karo? Swali halali. Mimi mwenyewe chuo niliacha katikati kwa sababu ya karo, kwa hivyo simdharau mtu aliyepata masomo Marekani kwa jasho la mkono wake. Kwa wengi wetu hiyo ni ndoto tosha. Lakini hebu ona: Okutoyi alipata masomo na mazoezi kupitia mchezo huu, kwa gharama ya chuo cha Marekani. Vyuo vya huko vinatafuta vipaji dunia nzima. Mtoto mmoja wa mtaani akijifunza kupiga mpira vizuri, anaweza kupata masomo ambayo mzazi wake hangeyalipia hata akiuza shamba. Kwa hivyo uwanja wa tenisi wa umma pia ni mpango wa karo.

Basi tunataka nini?

Moja, nauli kabla ya tuzo. Hazina ya Michezo iwatengee wachezaji wachache waliothibitika pesa za msimu mzima wa safari, wajue Januari watakuwa wapi hadi Juni. Majina yachapishwe, na kiasi kichapishwe, ili tusije tukasikia pesa zilikwenda na ujumbe wa maafisa kumi na mchezaji mmoja.

Mbili, tulete pointi nyumbani. Mashindano ya ITF yameshawahi kuandaliwa Nairobi, na hiyo ndiyo njia rahisi zaidi: badala ya kumpeleka mchezaji mmoja Misri, unaleta shindano hapa na vijana wetu kadhaa wanacheza bila viza. Tunajua jinsi ya kufanya hivyo. Kwenye gofu, Magical Kenya Open huwapa Wakenya nafasi ya kucheza na majina makubwa. Safari Rally ilirudi kwenye kalenda ya dunia mwaka 2021 kwa sababu serikali iliamua irudi na ikaweka pesa. Mashindano kadhaa madogo ya tenisi yakipangwa mfululizo, kila mwaka, hayawezi kugharimu hata kivuli cha rali.

Tatu, kaunti zijenge viwanja ambavyo mtoto anaingia bila kuulizwa ni mgeni wa nani. Si lazima nyasi. Sakafu ya saruji iliyopakwa rangi, wavu, taa, na mtu wa kuitunza. Klabu nazo, zile zenye viwanja vinavyolala bure Jumanne asubuhi, zifungulie shule za karibu. Nyasi hazitakufa.

Nne, hata Wimbledon wenyewe wana la kujibu. Mwaka 2025 mashindano yao yalitoa zawadi za pauni milioni 53.5. Aliyepoteza raundi ya kwanza tu aliondoka na pauni 66,000, zaidi ya Sh11 milioni. Faida yao, asilimia 90, huenda kwa chama cha tenisi cha Uingereza. Ni mashindano yao, wana haki ya kukuza watoto wao. Na ni kweli kwamba Grand Slam zote nne huchangia mfuko wa kusaidia wachezaji wa nchi zisizo na uwezo, na Okutoyi ni mmoja wa waliofaidika. Lakini Australian Open imewahi kutenga nafasi inayopiganiwa na wachezaji wa Asia na Pasifiki. Wimbledon inaweza kufanya vivyo hivyo kwa Afrika: bingwa wa bara apewe angalau nafasi ya kucheza mechi za kufuzu. Hatuombi waondoe wavu. Tunaomba waturuhusu kuusogelea.

Wimbledon ijayo itakuja na mikeka yake. Wengi watakesha na simu wakingoja mtu wasiyemjua ashinde gemu ya tisa. Ni sawa, pesa ni yako. Lakini ukiona jina la Mboko kwenye orodha, na utaliona, kumbuka kwamba kuna msichana wa Kenya aliyewahi kumshinda hapo hapo Wimbledon, 11-9. Kisha umuulize mheshimiwa wa kaunti yako swali moja rahisi: uwanja wa tenisi wa umma katika kaunti hii uko wapi? Akikuonyesha ule wa klabu, muulize kama mtoto wa mtaa wako anaweza kuingia kesho.