Risasi haipotei. Pimeni gasheti

Wandugu wa Kabimba, wa Kalemie, na wote mnaotufuata, leo tunaongelea kidude kidogo kuliko kidole: gasheti, ile sehemu ya bunduki ambayo kidole kinavuta mpaka risasi itoke. Tunaiongelea juu kila mara raia anapoanguka, jibu la wakubwa liko tayari: "Risasi ilipotea." Ama: "Bunduki ilijitoa yenyewe." Familia inazika, mwenye bunduki anahamishwa, tunaambiwa tutulie.

Sisi tunasema bunduki ni mashine, na mashine inapimika.

Kila gasheti ina uzito wake, ni kusema nguvu ambayo kidole kinapaswa kutia. Pistole ya Glock ya kawaida, vile inavyotoka kiwandani, inadai karibu kilo 2 na nusu. Polisi ya New York kwa miaka mingi ililazimisha askari wake wabebe gasheti ya karibu kilo 5 na nusu, juu walijua mtu mwenye woga anabana kidole bila kufikiri. Askari wenyewe walilalamika: gasheti nzito inayumbisha mkono, risasi inaenda pembeni. Wana haki kidogo. Mwaka 2012, karibu na jengo la Empire State, askari 2 walimfyatulia muuaji mmoja, na raia 9 wakajeruhiwa. Kwa hiyo hatuji hapa kusema uzito peke yake ni dawa.

Lakini kuna biashara inayoenda upande mwingine kabisa: vipande vya kubadilisha, resori na vingine, ili gasheti iwe nyepesi. Inauzwa sana Marekani, na video zake zinafika mpaka kwenye simu zetu huku ziwani. Kuna wenzetu, diplome mfukoni na kazi hakuna, wanakaa kivulini na walinzi wa wakubwa, wanashikishwa pistole, wanasifu: "Hii iko laini, unagusa tu." Wandugu, hiyo si sifa. Mwanamichezo anayelenga karatasi, mbele yake hakuna mtu, anaweza kutafuta gasheti nyepesi. Na hata yeye hawamwachii hivihivi! Kwenye Olimpiki, pistole ya mita 25 inakataliwa kama gasheti yake iko chini ya gramu 1000, na waamuzi wanaipima kwa uzito wa chuma. Watu wanapima silaha ya kutoboa karatasi. Silaha inayopita katikati ya wamama wa soko, nani anaipima?

Faida ya kupima tunaiona kwa Akai Gurley. Alikuwa kijana wa miaka 28, mweusi, bila silaha. Tarehe 20/11/2014 alikuwa anashuka ngazi zenye giza kwenye nyumba za serikali huko Brooklyn. Askari Peter Liang alikuwa juu, pistole mkononi. Risasi ikatoka, ikagonga ukuta, ikaruka mpaka kifuani mwa Gurley. Liang akajitetea: ilitoka kwa bahati mbaya. Unaona, wimbo ni uleule wa kwetu. Tofauti ni kwamba huko pistole ililetwa mbele ya majaji raia, wakaivuta wenyewe kwa kidole. Wakakuta ni ngumu. Februari 2016 wakamtia hatiani. Baadaye hakimu akalipunguza kosa, na Liang hakuenda jela, jambo ambalo lilitukasirisha hata sisi tulio mbali. Lakini neno "ilijitoa" lilijibiwa kwa kidole, mbele ya watu wote.

Huku kwetu? Rossy Mukendi alipigwa risasi tarehe 25/2/2018 kwenye parokia ya Saint Benoît, Lemba, Kinshasa. Freddy Kambale, mwanaharakati wa LUCHA, aliuawa Beni tarehe 21/5/2020 akiwa anaandamana kudai usalama. Ng'ambo ya ziwa, Dar es Salaam, mwanafunzi Akwilina Akwilini alikufa tarehe 16/2/2018 akiwa amekaa ndani ya daladala. Polisi ilikuwa inatawanya maandamano ambayo yeye hakuwemo. Kila mara tunasikia maneno mengi juu ya fujo za vijana. Juu ya hali ya silaha iliyofyatuliwa, kimya.

Tunajua mtu atatujibu: "Huku wengi wanabeba AK, si pistole." Ni kweli. Na AK ina shida yake. Ile sekirite ya upande wa kulia ikiwa juu, bunduki imefungwa. Ukiishusha, nafasi ya kwanza unayokuta ni rafale, ya risasi mojamoja iko chini kabisa. Mtu aliyelewa, ambaye hakufundishwa vizuri, anatembea nayo wazi kwenye foleni ya mishahara ama kwenye barrière. Hapo hata gasheti nzito haisaidii. Lakini hiyo ni sababu ya kuchunguza zaidi, si ya kuacha.

Na sheria haikosi. Sheria ya silaha iko tangu tarehe 3/9/1985, namba 85-035. Mkataba wa Kinshasa wa Afrika ya Kati, uliopitishwa tarehe 30/4/2010, haukutaja silaha ndogo na risasi tu. Jina lake lenyewe linataja vipande vyote vinavyoweza kuzitengeneza, kuzirekebisha na kuziunganisha. Resori ndogo inayofichwa ndani ya soksi iko ndani ya mkataba ule.

Basi tunadai hivi. Risasi ikimpata raia, silaha ishikwe siku ileile, na auditorat ya kijeshi ifungue na kuandika: gasheti ina uzito gani, kuna kipande kilichobadilishwa, nani alikibadilisha, kwa ruhusa ya nani. Familia iwe na mtu wake pale akiangalia. Wakuta gasheti ni ya kawaida na sekirite inafanya kazi, basi "ilijitoa yenyewe" isiandikwe kwenye ripoti. Kuna kidole, na kidole kina jina. Wakuta imelegezwa, wamtafute pia mkubwa aliyeacha silaha ile itoke nje ya depo. Na pistole za walinzi wa wafanyabiashara na wanasiasa zipite kwenye ukaguzi uleule, bila simu kutoka juu.

Msituambie hakuna vifaa. Kupima gasheti kunaanza na mizani ya kuning'iniza yenye kulabu, sawa na ile wamama wanapimia mikebuka pwani asubuhi. Wakubwa wakikosa, waje waombe.