Neno "Japani" Halitoshi Kuuza Injini

Yeyote apitaye katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wengi wangali wakiiita Grogan, hukutana na msamiati unaostahili kuchunguzwa na mwanaisimu. Injini iliyong'olewa katika gari kuukuu huitwa "eksi-Japani". Turbo iliyokwisha kutumika huitwa "mpya" kwa kuwa imeshuka kutoka kwenye kontena juzi. Kipuri cha kuigiza nacho huitwa "orijino". Maneno haya hayana ubaya kwa dhati yake. Ubaya ni kuwa yamebebeshwa mzigo ambao ulistahili kubebwa na risiti.

Tulitazame neno "Japani". Kimaana, linataja asili ya kitu wala halitaji hali yake. Hata hivyo, sokoni limekuja kumaanisha ubora, na si bure. Nchini Japani, gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Gharama za ukaguzi na matengenezo huwafanya wenyewe wengi kuyauza magari mapema, na ndiyo maana vipuri vingi hutufikia vikiwa na uhai. Lakini uwezekano si ushahidi.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika injini za magari ya kasi. Vijana wetu wamekua wakiyashangilia magari ya mashindano, na tangu Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, shauku imezidi. Wanaotafuta injini ya EJ20 ya Subaru Impreza WRX au 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution si haba. Waama, anunuaye gari la aina hiyo huko ng'ambo aghalabu hakulinunua ili alipeleke polepole. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na uhai wake hutegemea mafuta safi. Ukilika, mteja hawezi kuutambua kwa kutazama tu injini iliyooshwa ikang'aa na kupakwa rangi ya fedha.

Isitoshe, mwaka wa 2019 Subaru ilitangaza toleo la mwisho la WRX STI yenye EJ20 nchini Japani. Kadiri miaka inavyosonga, zilizobaki zinazidi kuchakaa huku wanaozitaka wakiwa wangali wengi. Hapo ndipo neno tamu linapopata bei kuliko chuma chenyewe.

Sisemi kwamba wauzaji ni walaghai. Wengi wao wamenunua injini ambazo hata wao hawakuzisikia zikinguruma. Wapo pia wanaohoji kuwa wakitoa dhamana, bei itapanda na mnyonge hatanunua. Hoja hii ina uzito, ila inasahau kuwa mnyonge ndiye asiyeweza kununua injini mara mbili. Rahisi huvunja upishi.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika na ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo. Sheria ya kuwalinda watumiaji ilipitishwa mwaka wa 2012. Hata hivyo, mapatano hufanywa kwa Kiswahili au Sheng, kisha mteja akakabidhiwa karatasi yenye sentensi moja ya Kiingereza, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ahadi zote zimetolewa kwa ulimi, na kanusho pekee ndilo lililoandikwa. Je, si ajabu hiyo katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba iyo hiyo?

Pendekezo langu ni jepesi. Risiti ya injini iandikwe kwa Kiswahili, nayo itaje mambo manne: nambari ya injini, kipimo cha mgandamizo wa kila silinda, hali ya mhimili wa turbo, na idadi ya siku ambazo mteja anaweza kuirudisha. Kupima mgandamizo hakuhitaji kiwanda. Geji, betri na stata humtosha fundi. Nambari ya injini nayo itamfaa mnunuzi atakapobadilisha maelezo ya gari lake katika mamlaka ya usafiri, NTSA, na itamtia hofu auzaye mali ya wizi.

Walimu wenzangu, hasa wa vyuo vya ufundi, wana nafasi hapa. Mwanafunzi anayefundishwa kufungua injini afundishwe pia kuandika, kwa Kiswahili sanifu, alichokikuta ndani yake. Kizuri chajiuza, walisema wahenga; nacho kikiwa kizuri kweli, mwenyewe hataogopa kukiandikia.