Umenyimwa viza ya Uingereza? Hakuna jaji wa kukusikiliza

Wadau, wiki iliyopita mshkaji wangu niliyemaliza naye form six alikuja kafe na barua ya kunyimwa viza ya mwanafunzi. Chuo kimemkubali, sehemu ya ada kashalipa. Akaniambia, "Nakata rufaa." Kuna dalali wa mjini alishamtajia bei ya kumwandikia.

Mimi si mwanasheria, elimu yangu ni hiyo hiyo ya form six. Lakini tulikaa saa mbili nzima tukisoma masharti ya uhamiaji mstari kwa mstari, na nilichokiona ni kwamba vijana tunauziwa rufaa ambayo haipo.

Zamani ilikuwepo. Aliyekubaliwa kozi ya zaidi ya miezi 6 akanyimwa viza aliweza kufika mbele ya jaji. Mfumo wa pointi ulipowafikia wanafunzi mwaka 2009, mlango huo ukafungwa kwa wanaoombea nje. Kilichobaki ni mapitio tu: afisa mwingine anaangalia kama mwenzake alikosea. Unaomba ndani ya siku 28 tangu upate barua, na kwa ada za 2025 ilikuwa pauni 80. Kinachouma ni kwamba karatasi mpya kwa kawaida hawapokei. Kama taarifa ya benki ilikuwa na kasoro, huwezi kutuma nyingine nzuri zaidi.

Na kasoro ya jamaa ilikuwa hapo hapo benki. Anayemsomesha ni mjomba wake, na akaunti aliyoonyesha ni ya mjomba. Kwetu mjomba ni mzazi, nani atauliza? Kwao akaunti iwe yako, ya mzazi, ya mlezi anayetambulika kisheria au ya mwenzi wako, na hela ikae siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Kwa hiyo afisa hakukosea. Pauni 80 zingeliwa bure, achilia mbali hela ya dalali.

Basi aombe upya? Hapo ndipo pagumu. Barua ya kukubaliwa, ile tunayoipiga picha na kuionyesha mtaa mzima, siyo ushahidi wanaoutaka. Wanataka namba ya CAS, ambayo chuo kinaitoa kupitia mfumo wa uhamiaji kuthibitisha kwamba nafasi yako ipo kweli. Namba hiyo ni ya ombi moja tu. Ukinyimwa imekufa, lazima chuo kikupe nyingine.

Na chuo kinaogopa! Leseni yake ya kupokea wanafunzi wa nje inaangalia pia ni wangapi kati ya waliopewa namba wamenyimwa viza. Kiwango kilikuwa chini ya asilimia 10, na Mei 2025 serikali yao ikatangaza mpango wa kukibana kiwe chini ya 5. Mtu wa kumbembeleza siyo ubalozi, ni ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni.

Jamaa kawaandikia jana usiku, kaambatanisha barua ya kunyimwa nzima nzima bila kuficha kitu. Mjomba kakubali kumhamishia hela kwenye akaunti yake, siku 28 tunaanza kuhesabu Jumatatu. Chuo hakijajibu bado. Dalali ndiye anayepiga simu kila saa.